Vidole Kutetemeka Si Baridi: Kabla Hujamleta Mjusi Mwenye Ndevu Nyumbani

*“Daktari, ninaishi Lanet, Nakuru. Mwanangu wa miaka 12 amenisumbua mwaka mzima akitaka yule mjusi wa Australia anayeitwa bearded dragon. Kuna mtu Nairobi anayehama nchi, anamuuza wake wa mwaka mmoja pamoja na tangi lake la kioo. Anasema mnyama huyu hana gharama: anakula sukuma wiki na wadudu, na kwa kuwa kwetu kuna jua mwaka mzima, taa maalum si lazima, akae tu karibu na dirisha. Kwenye video niliyotumiwa anaonekana mchangamfu, ila vidole vya miguu ya nyuma vinatetemeka. Muuzaji anasema ni baridi ya Nairobi. Nina mtoto mwingine wa miaka miwili, na mama mkwe tunayeishi naye anaogopa mijusi. Nijiandae vipi? Na je, huyu nimchukue?”*

Mama, nianze na hivyo vidole, maana ndivyo vilivyonifanya nikujibu haraka. Mjusi huyu akipata baridi hatetemeki. Kutetemeka ni mambo yetu sisi wenye damu moto, ambao misuli yetu hujitikisa ili itoe joto. Yeye baridi ikimwingia hupoa tu: anakuwa mzito, anafumba macho, anaacha kula, anajikunyata pembeni. Vidole vikicheza vyenyewe ilhali mnyama ni mchangamfu, shaka yangu ya kwanza ni upungufu wa kalsiamu kwenye damu. Sijamshika wala sijampima, na video haiwezi kuwa uchunguzi. Lakini ukijumlisha vidole hivyo na habari ya kukaa dirishani bila taa, ningeshangaa sana kusikia kwamba mifupa yake ni mizima.

Muuzaji wako si lazima awe mwongo. Watu wengi waliowafuga wanyama hawa hapa nchini wanaamini hivyo hivyo, kwamba mnyama wa jangwani akiletwa karibu na ikweta atajitunza mwenyewe. Kwa hiyo acha nieleze kinachotendeka mwilini mwake. Ukikielewa hicho, mambo mengine yote ya kumwandalia utayaona mwenyewe.

Mjusi mwenye ndevu, kisayansi Pogona vitticeps, ni mnyama wa bara kavu la ndani ya Australia. Ana ndugu hapa kwetu: yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu unayemwona Hifadhi ya Hell's Gate akiinua na kushusha kifua juu ya jiwe ni wa ukoo huo huo. Asubuhi wote hufanya jambo moja. Hutoka, hujitandaza bapa juu ya kitu kilichopata jua, na huyu wa Australia hata hubadilisha rangi akawa mweusi zaidi ili anyonye joto upesi. Hapo anapokea vitu viwili kwa pamoja, joto na miale ya urujuanimno, ile ambayo kwenye pakiti za taa huandikwa UVB. Miale hiyo ikigonga ngozi yake hubadilisha aina fulani ya mafuta yaliyomo humo kuwa hatua ya kwanza ya vitamini D3. Hatua ya pili inahitaji mwili uwe na joto. Kisha ini na figo humalizia kazi, na hapo ndipo utumbo unapoweza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Miale ikikosekana, unaweza kumlisha sukuma wiki asubuhi hadi jioni na kalsiamu yake ikapita tumboni bila kumfaa. Moyo na misuli haviwezi kusubiri, navyo vinahitaji kalsiamu kila dakika, basi mwili unaanza kuichukua kwenye mifupa. Taya linalainika hadi likibonyezwa linabonyea kama mpira. Miguu inapinda, uti wa mgongo unakunjamana, na kabla ya hayo yote kuonekana, vidole vinaanza kutetemeka. Ugonjwa huu ni miongoni mwa yale tunayoyaona sana kwa mijusi wa kufugwa duniani kote, na takribani kila mara chanzo chake ni taa na chakula.

Sasa lile dirisha. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia karibu miale yote ya UVB. Mjusi aliyelala dirishani Nairobi kwa mwaka mzima ameona jua bila kulipata. Na ubaya wake ni kwamba anaonekana ana raha.

Kuhusu jua letu: ni kali kweli, na nje linamfaa kuliko taa yoyote utakayonunua. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na wewe unajua Julai usiku huwaje hapo Lanet. Mtu wa Kisumu, aliye kwenye mita 1,130 hivi, anaweza kulala bila kuwaza joto la usiku la mjusi wake. Wasiwasi wake yeye ni unyevu wa ziwa, maana mnyama huyu anataka hewa kavu inayopita. Wewe huna bahati hiyo. Na hata mchana, sebule ya nyumba ya mawe yenye nyuzi 22 ni nzuri kwako, ila kwake ni baridi. Akila akiwa na mwili baridi chakula hukaa tumboni bila kusagika.

Kwa hiyo unaandaa nini? Kwanza, sahau tangi la muuzaji kama ni lile dogo la samaki. Mjusi mzima anafika sentimita 45 hadi 60 kutoka pua hadi ncha ya mkia, na anahitaji nafasi isiyopungua sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Huna haja ya kuagiza ng'ambo. Fundi mzuri wa mbao atakutengenezea sanduku la plywood lenye milango ya kioo ya kusukuma mbele na matundu ya hewa yenye wavu juu na ubavuni. Mbao zinatunza joto kuliko kioo, na kwa Nakuru hilo lina uzito. Mwambie apake vanishi mapema, na sanduku likae wazi hadi harufu iishe kabisa kabla mnyama hajaingia. Sakafuni tandika vigae vilivyobaki kwenye ujenzi, au magazeti. Mchanga unapendeza kwenye picha, ila mjusi mwenye mifupa dhaifu aliyekosa kalsiamu huulamba, na ukiziba utumbo ni upasuaji.

Upande mmoja wa sanduku uwe wa moto, mwingine wa kupoa, ili achague mwenyewe. Pale anapoota, juu ya jiwe au gogo lenyewe, kipimajoto kisome nyuzi 38 hadi 42. Upande wa kupoa, 24 hadi 27. Joto la mchana linatoka kwenye balbu nyeupe ya halojeni, iliyowekwa juu asipoweza kuigusa. Tafadhali usiende agrovet ukanunua ile taa nyekundu ya kulelea vifaranga. Ni kali mno kwa sanduku, rangi yake inamvuruga, na haina UVB hata kidogo. Hayo mawe ya umeme ya kulalia nayo uyaache, yanaunguza tumbo kabla mnyama hajatambua.

Taa ya UVB ni kitu cha pili, tofauti na ya joto. Chukua ile ndefu ya mrija, aina ya T5, iliyoandikwa asilimia 10 au 12, ifike karibu nusu au theluthi mbili ya urefu wa sanduku, ikae sentimita 30 hadi 45 juu ya mahali anapoota, bila kioo wala plastiki katikati. Iwake saa 12 kwa siku. Na hapa pana mtego: miale yake huchakaa kabla mwanga haujapungua. Taa inaweza kuwaka vizuri machoni pako ilhali kwake imeshakufa, kwa hiyo ibadilishwe kila baada ya miezi 12 hivi hata kama bado inang'aa. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sanduku. Ukiletewa vifaa kutoka Marekani, angalia volti kwanza. Kule ni 120, hapa ni 240, na balbu yao itapasuka siku ya kwanza.

Usiku zima kila kitu chenye mwanga. Mjusi mzima mwenye afya anavumilia hadi nyuzi 18 bila tatizo. Nyumba yako ikishuka chini ya hapo, funga kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga, kikiendeshwa na themostati, yaani kidhibiti kinachokiwasha na kukizima kulingana na joto. Kuhusu stima, hesabu ni rahisi: balbu ya wati 100 pamoja na mrija wa wati 39 kwa saa 12 ni karibu yuniti 1.7 kwa siku, yaani takribani yuniti 50 kwa mwezi, kabla ya joto la usiku. Zidisha kwa bei unayonunulia tokeni. Huyo ndiye mnyama “asiye na gharama”. Stima ikipotea jioni moja, lifunike sanduku kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi, na usimlishe hadi irudi. Mjusi mzima atavumilia. Ikipotea siku mbili tatu kwa mpigo, hapo lazima uwe na mpango mwingine, hata kama ni chupa za maji moto zilizofungwa taulo.

Siku za jua, mtoe nje. Tengeneza kreti la wavu, si la kioo. Kioo juani kinageuka jiko, na mjusi hufa ndani ya dakika chache. Nusu kivuli, nusu jua, na mtu mzima akae hapo hapo, kwa sababu mwewe na paka hawajui kwamba huyo ni wa kufugwa. Nusu saa ya jua la Nakuru mara kadhaa kwa wiki ni zawadi kubwa, ila haiondoi haja ya taa. Mwezi wa masika utakapokuja na mawingu wiki nzima utakumbuka.

Chakula ni mahali ambapo sisi wa huku tuna bahati. Kwenye sukuma wiki muuzaji alisema kweli: ina kalsiamu nyingi, na hiyo ikatwe vipande vyembamba iwe msingi wa sahani, uchanganye na majani mengine kama ya malenge, na boga lililokunwa. Spinachi ya sokoni na terere zina oksaliti inayoshika kalsiamu isinyonywe, basi ziwe za mara moja moja. Avokado usimpe kabisa, hata kama mti uko nyuma ya nyumba na yanaoza chini. Mjusi wa mwaka mmoja anakula majani kila siku na wadudu mara mbili tatu kwa wiki. Mjusi mchanga wa miezi miwili ni kinyume chake, wadudu kila siku, ndiyo maana siwashauri wanaoanza kununua watoto wa mjusi.

Wadudu nunua kwa wafugaji. Ufugaji wa nyenje umeshika mizizi upande wa Nyanza, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimeufanyia utafiti kwa muda. Kwa wafugaji wa kuku utapata buu wa nzi askari mweusi, ambaye kwa kalsiamu anawashinda wadudu karibu wote. Uliza tu buu hao wamelelewa kwenye nini, maana wengine hukuzwa kwenye kinyesi na taka za soko. Mdudu asiwe mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Kumbikumbi waliookotwa chini ya taa ya barabarani waache, hujui wamepitia dawa gani. Na kimulimuli asikaribie kabisa lile sanduku. Kuna vimulimuli wenye sumu ya moyo, na mmoja tu ameshaua mijusi wa aina hii.

Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu kaboneti safi, usio na fosforasi. Wengi huishia na DCP, ule unga wa madini wa ng'ombe na kuku, kwa sababu iko kila agrovet. Hiyo imejaa fosforasi, na fosforasi ikizidi inaizuia kalsiamu ile ile unayojaribu kuiongeza.

Kuhusu mtoto wa miaka miwili niko mkali. Mijusi hawa hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao wenyewe kuugua, na Marekani kumekuwa na milipuko ya ugonjwa iliyofuatiliwa hadi kwa mijusi wa ndevu waliofugwa majumbani. Ushauri wa wataalamu wa afya ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa zaidi ya 65, na wenye kinga dhaifu wasiwaguse wala kugusa vyombo vyao. Kwa hiyo sanduku likae chumba ambacho mdogo hafiki, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki ya jikoni, na kijana wako anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, bila kumbusu kama wanavyofanya kwenye video. Mdogo akiharisha na kupata homa, mpeleke hospitali na umwambie daktari wazi kwamba kuna mjusi nyumbani.

Mama mkwe msimlazimishe. Mweleze kwamba mjusi huyu hana sumu ya kumdhuru mtu, huuma mara chache sana, na akivimbisha shingo ikawa nyeusi ni yeye aliyeogopa. Halafu mwachie mlango ukiwa umefungwa. Nyumba ni yake pia.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja na wewe hukuuliza: karatasi. Mnyama hai wa kigeni haingii Kenya kienyeji. Anahitaji kibali na cheti cha afya kupitia Idara ya Huduma za Mifugo, na masuala ya kumiliki wanyamapori yako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Australia yenyewe hairuhusu biashara ya kuwauza nje wanyama wake wa asili, kwa hiyo huyu amezaliwa mikononi mwa mfugaji mahali fulani, na lazima kuwe na njia aliyofikia hapa. Nenda ofisi ya KWS pale lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Nakuru kabla hujatuma hata shilingi, ueleze aina ya mnyama, na upate jibu la maandishi. Wala usifikirie njia ya mkato ya kumkamatia kijana kinyonga au mjusi wa kwenye mawe. Hao ni wanyamapori wa nchi hii, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Vilevile, mkichoka naye siku moja, msimwachie porini. Atakufa kwa baridi, au ataacha vimelea vyake kwa wa kwetu. Tulio karibu na Ziwa Victoria tumeshaona kwa sangara na gugu maji kiumbe wa kigeni anavyoweza kugeuza mambo.

Kisha jipangie miaka. Akitunzwa vizuri anaishi 8 hadi 12, wengine zaidi. Kijana wako akiwa na 20 atakuwa chuoni, na hosteli hazipokei mijusi. Mwenye mjusi, mama, utakuwa wewe. Kama moyoni hilo linakulemea, mwambie sasa akiwa na 12, atanuna wiki moja.

Sasa huyu wa Nairobi. Usimlipie bado. Mwombe muuzaji picha ya pakiti ya taa anayotumia, kama ipo, picha ya taya kutoka ubavuni, na video akitembea juu ya sakafu isiyoteleza: mjusi mwenye afya huinua tumbo, halikokoti. Kisha ampeleke kwa daktari wa wanyama huko huko, Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, apigwe eksirei na kinyesi kipimwe vimelea. Msimsafirishe mgonjwa kwenye matatu ya baridi hadi Nakuru ndipo mgundue. Ikionekana mifupa imeanza kuyeyuka, anaweza kutibiwa kwa kalsiamu, joto na mwanga sahihi, na wengi hupona kutetemeka, ingawa mfupa uliokwisha kupinda hubaki hivyo. Ila hapo utakuwa unachukua mgonjwa wa miezi kadhaa. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na mfugaji wa mara ya kwanza, mimi ningekataa, huku nikimsukuma muuzaji amtibu kabla hajaondoka nchini. Najua kijana ameshampa jina.

Ukiamua kumchukua huyu au mwingine, sanduku litangulie. Liwashe tupu kwa wiki mbili, uandike joto la saa nane mchana na la alfajiri, kwenye jiwe la kuotea na upande wa pili. Mpe kijana hiyo kazi ya kuandika, nawe uangalie siku ya tisa kama bado anaandika. Tafuta daktari mapema pia. Egerton hapo Njoro wana kitivo cha udaktari wa mifugo, uliza nani ameshawahi kumshika mjusi, kwa kuwa wengi wetu tumesomea ng'ombe. Dawa ya minyoo ya mbwa au mbuzi usimkadirie nyumbani. Na akianza kutetemeka mwili mzima, akikokota miguu ya nyuma, taya likilegea, au akipitisha wiki bila choo huku anakula, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Ukipata eksirei na zile picha, niandikie tena. Ambatanisha na daftari la joto la kijana.